Kuhesabiwa haki na kutakaswa: je, ni kitu kimoja?

Swali: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni Mwanglikana, mume wangu Mkatoliki. Kijana wetu yuko darasa la kipaimara kwetu Anglikana, na nyumbani tumebishana. Baba yake anasema kuhesabiwa haki na kutakaswa ni kitu kimoja, mimi nilifunzwa ni viwili. Tena kama nimeshahesabiwa haki, mbona bado nawaka hasira wateja wakinizungusha? – Mama wa omena, Soko la Kibuye, Kisumu.

Jibu: Asifiwe sana, mama. Nianze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukisema “haki” hapa Kenya, mtu husikia ile ya maandamano: kitu ninachodai kwa sababu ni changu. Katika Warumi hakuna anayedai. Haki hapo ni hali ya mshtakiwa ambaye hakimu ametamka kwamba hana hatia. Kitenzi cha Kigiriki anachotumia Paulo, dikaioo, ni cha mahakamani.

Kiswahili kikaongeza “kuhesabiwa”, na mimi nawavulia kofia watafsiri wetu. Neno hilo linatupeleka moja kwa moja Warumi 4, ambako Paulo anatumia kitenzi kingine, logizomai, mara 11 katika sura moja. Hicho ni cha daftari la mahesabu, na daftari unalijua kunishinda. Chukua chama chenu. Mwenzako hana mchango wa mwezi huu, unamtolea, na mweka hazina anaandika kwenye safu yake yeye, si yako. Daftarini amelipa. Mfukoni hana hata shilingi. Ndivyo Ibrahimu alivyoamini, “ikahesabiwa kwake kuwa haki”. Biblia ya Habari Njema husema “kukubaliwa kuwa waadilifu”. Inaeleweka upesi, lakini daftari limepotea.

Kutakaswa ni neno la hekaluni. Chombo kilichotakaswa kilitengwa kwa kazi ya Mungu, hakikurudi jikoni. Na hapa hasira yako inapata jibu. Wakorintho walikuwa wagomvi, wakishtakiana mahakamani, na ni hao hao Paulo anaowaita “waliotakaswa” katika sura ya kwanza ya waraka wake wa kwanza kwao. Walikuwa wametengwa tayari, huku tabia ikifuata nyuma polepole, tena kwa kukaripiwa. Kwa hiyo kumkasirikia mteja aliyekula omena zako na kuzima simu hakuonyeshi kwamba jina lako limefutwa. Kunaonyesha kazi bado inaendelea. (Deni lako mdai tu. Hiyo si dhambi.)

Sasa baba watoto. Hakubuni. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulifundisha kwamba kuhesabiwa haki si kusamehewa dhambi peke yake, bali pia kutakaswa na kufanywa upya ndani. Wanamatengenezo, yaani viongozi wa Kiprotestanti wa karne hiyo hiyo, walitenganisha: hukumu ya hakimu hutolewa mara moja, utakaso huendelea maisha yote. Hata hivyo hawakukubali kwamba mtu anaweza kupata la kwanza akakosa la pili. Mimi nasimama na Wanamatengenezo, kwa sababu nikichanganya hayo mawili, siku niliyokasirika nitadhani hakimu amebadilisha hukumu.

Ugomvi wenyewe umepoa kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Waluteri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili hili, na mwaka 2016 Baraza la Mashauriano la Anglikana, likikutana Lusaka, likakubali kiini chake. Kwa hiyo mezani mnaweza kula kwa amani. Ila askofu akimuuliza kijana siku ya kipaimara, ajibu kama alivyofunzwa darasani: ni viwili.