Jibu: Meza ya mapigano ya Tanga 1914, kuanzia udongo hadi nyuso za askari

Mkuu, umeuliza hivi: una askari 40 wa plastiki wa kipimo cha 1/72 (yaani mtu halisi aliyepunguzwa mara 72), umewapaka rangi wote, umewapanga mezani, na bado wanaonekana kama midoli iliyotoka kwenye pakiti. Unataka kujua kama tatizo ni rangi za bei rahisi, na kama ni lazima uagize mandhari kutoka nje. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nilikwama hapohapo mwaka mzima.

Rangi zako hazina kosa. Ulianza na askari ukaishia kwa askari, ardhi hukuigusa. Mtu aliyesimama juu ya kitambaa cha kijani, umpake vizuri namna gani, atabaki mdoli. Mimi sasa naanza na udongo, na udongo uleule uliopo mezani ndio ninaoubandika chini ya miguu ya kila kijisanamu. Hapo askari na meza vinakuwa kitu kimoja.

Nikueleze kwanza meza yangu ili ujue natoka wapi. Nacheza mezani, kwa vijisanamu na dadu, mapigano ya Tanga ya Vita ya Kwanza ya Dunia, tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Waingereza walishusha jeshi la karibu watu 8,000 upande wa Ras Kasone, rasi iliyo nje kidogo ya mji, wengi wao kutoka India, pamoja na kikosi cha Loyal North Lancashire kutoka Uingereza. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, aliowaleta kwa treni kutoka upande wa Moshi. Tarehe 4 Waingereza wakapita katikati ya mashamba ya mpira, minazi na mkonge kuuelekea mji, mstari ukakatika, na tarehe 5 wakarudi melini. Nyuki nao walitibuliwa kwenye mizinga yao wakashambulia watu wakati risasi zinalia.

Nilichagua mapigano haya kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga, na ardhi ile nimeikanyaga. Hiyo ndiyo faida ambayo hakuna duka litakuuzia.

Sasa hesabu kidogo. Meza yangu ni sentimita 180 kwa 120. Kwa 1/72, sentimita 180 ni mita 130 tu, wakati kutoka Ras Kasone hadi mjini ni zaidi ya kilomita 2. Kwa hiyo usijaribu kuweka kila kitu. Chagua vitu vitatu vinavyompa mtazamaji mahali: mimi nina ukingo wa shamba la mnazi, kipande cha reli, na nyumba mbili za mwisho wa mji. Mnazi wa mita 20 ungekuwa sentimita 28, na ukiweka kumi wa namna hiyo mkono hautapita kusogeza askari. Minazi yangu ni sentimita 16, na hakuna aliyewahi kuniambia ni mifupi.

Udongo. Nilichota Tanga, kopo moja la majarini, nikaukausha kwenye sufuria jikoni mpaka ukawa wa moto kabisa ili wadudu wafe, nikauchekecha kwa chujio la chai. Chembe kubwa ni mawe, unga wake ndio ardhi. Unapaka gundi nyeupe ya mafundi seremala iliyozimuliwa kwa maji, unamwagia udongo, unaacha usiku kucha. Asubuhi utashtuka, kwa sababu gundi huufanya udongo uwe na rangi nzito kuliko ulivyokuwa kwenye kopo. Usijali, ni lazima uupake rangi hata kama ni udongo halisi. Naanza na kahawia ya wastani, kisha nachovya brashi kwenye kahawia iliyochanganywa na krimu, naifuta kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, halafu napitisha juu juu. Chembe zinashika rangi, mabonde yanabaki na giza. Changanya rangi isikolee kama unavyoiona shambani, maana kitu kikiwa kidogo rangi yake huonekana nzito zaidi.

Nyasi ndefu natengeneza kwa katani. Kata vipande vya milimita 20 vya kamba ya mkonge, vifumue, vichovye kwenye rangi ya kutia nguo, kausha, kisha simamisha vishungi vidogo kwenye tone la gundi. Ukivipunguza kwa mkasi visilingane, vinakuwa majani ya kando ya reli.

Minazi ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote, na ndiyo ninayoipenda. Nachukua nyuzi nne za waya wa kufungia nondo, nazisokota pamoja, nazungushia utepe wa karatasi kutoka chini kwenda juu. Kila mzunguko unaacha ukingo mdogo, na ule ukingo ndio pete za shina la mnazi. Pindisha shina kidogo. Mnazi ulionyooka kama nguzo ya umeme haupo shambani. Makuti ni karatasi mbili zilizobandikwa na waya mwembamba katikati, zikakatwa pembeni kwa mshazari, mkato hadi mkato, kama thelathini kila upande. Kaa dirishani na mkasi mkali. Kuti moja linanichukua dakika nane, na mnazi unahitaji makuti kumi na mbili: manane mabichi, mawili yanayoelekea njano, na mawili ya kahawia yanayoning'inia chini. Usiyaache hayo mawili makavu. Bila hayo mti unakuwa pambo.

Nazi zenyewe ni punje za mtama, saizi yake inalingana kabisa. Ila zipake gundi pande zote kabla ya rangi. Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo, na miezi mitatu baadaye fukusi walikuwa wametoboa kila nazi mezani.

Mizinga ya nyuki nakata kwenye vijiti vya mishikaki, milimita 14, sawa na mzinga wa mita moja. Naitoboa upande mmoja kwa sindano ya moto na kuitundika kwa uzi kwenye matawi. Mchezaji akipitisha kikosi chini ya mti wenye mzinga, anarusha dadu. Ikitoka 6, kikosi kinakosa zamu.

Tuje kwa askari wako. Kwanza, plastiki hiyo laini haishiki rangi vizuri. Waoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, wakaushe, wapake gundi nyeupe iliyozimuliwa, ndipo uweke praima, rangi ya kwanza inayoshikisha zile za juu. Ukiruka hatua hii, rangi itamenyuka kwenye bunduki na vifundo vya miguu siku ya pili ya kuchezea.

Nguo ya kaki ni rahisi: rangi ya msingi, maji ya rangi ya kahawia yaingie kwenye mikunjo, kisha brashi kavu ya krimu. Kofia ya tarbushi ya askari wa Wajerumani ilivikwa kitambaa cha kaki chenye mkia wa kufunika shingo, na nyuma ya mkia huo weka kivuli cha kutosha. Mbinu ya mikunjo nilijifunza kwa kusimama mbele ya Sanamu ya Askari pale mjini Dar, iliyowekwa mwaka 1927. Yule ni askari wa upande wa Waingereza, lakini kitambaa ni kitambaa: tazama kinavyovutika mtu anapoinama mbele na bunduki yenye singe. Nenda saa kumi jioni, jua likiwa la ubavu.

Uso ndio unaobeba askari wote. Mafunzo mengi ya kupaka ngozi yaliyopo mtandaoni ni ya nyuso za Kizungu, na yanapogusa ngozi nyeusi yanakuambia upake kahawia kisha uongeze nyeupe. Usifanye hivyo. Ukiongeza nyeupe ngozi inapauka, inakuwa kama ya mtu aliyetoka kuoga maji ya chumvi bila kujipaka mafuta. Mimi naanza na kahawia nzito yenye tone la buluu. Ikikauka, nachukua kahawia yenye wekundu na kuigusa sehemu nne tu: juu ya pua, mashavu mawili, kidevu. Kisha kahawia ileile na njano ya udongo kidogo, nukta moja ncha ya pua na moja kila shavu. Macho usichore. Kwa mtu wa milimita 24, macho yaliyochorwa yanamfanya aonekane ameshtuka. Kivuli cha kofia kinatosha. Na usitumie mchanganyiko mmoja kwa wote 40. Mimi natengeneza mitatu, kwa sababu kombania za askari hazikuwa za ukoo mmoja wala kabila moja. Siku nilipomaliza wanane wa kwanza kwa namna hii niliwapanga kwenye meza ya chakula nikakaa nikiwatazama, chai ikapoa. Walikuwa watu.

Kwa upande wa bunduki, kumbuka kwamba kombania nyingi za Wajerumani bado zilikuwa na bunduki za muundo wa 1871, zilizotoa moshi mzito wa baruti. Naweka vipande vya pamba iliyochambuliwa mbele ya kikosi kilichofyatua, na adui anapata nafuu ya kukilenga. Bombomu, yaani bunduki za rashasha, hazipati pamba.

Tahadhari moja kwa walio pwani. Usipulize vanishi ya kopo wakati wa masika. Nilipulizia askari 24 jioni moja ya Aprili, hewa imejaa maji, na asubuhi wote wana ukungu mweupe. Niliumia sana. Niliwaokoa kwa kuwapaka vanishi ya kung'aa kwa brashi, ukungu ukapotea, kisha vanishi ya kufifisha mng'ao juu yake mchana wa jua kali. Na usipulize kopo lolote kwenye foamu nyeupe ya boksi la TV kabla ya kuifunika kwa gundi na jipsamu, inayeyuka mbele ya macho yako. Nyumba zangu mbili ni foamu hiyo, jipsamu juu, na bati la karatasi ya boksi lenye mawimbi. Sina zaidi ya kusema juu ya nyumba.

Ninachofanya sasa ni wapagazi. Majeshi mengi ya mezani hayana hata mmoja, wakati vita ile ilitembea kwa vichwa vya watu, na makumi ya maelfu yao walikufa. Gundi na brashi zangu nanunua Kariakoo, na jina lenyewe la Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Nikaona haifai meza yangu iwakose.

Hawauzwi, kwa hiyo nageuza askari waliozidi. Nakata bunduki kwa wembe, nachovya mkono kwenye maji yaliyochemka, naunyanyua juu, naushikilia kwenye maji baridi mpaka utulie. Mzigo ni tishu iliyolowa gundi na kufungwa kwa uzi. Nina 18 hadi sasa. Wa kwanza watano mizigo ilikaa kichwani kama kofia, nikawa sielewi kwa nini haikubali, mpaka nilipomwona mama mmoja sokoni akijitwisha ndoo. Nilikuwa nimesahau ngata. Sasa nasokota uzi mara tatu kuzunguka ncha ya kalamu, naubandika utosini, napaka rangi ya kitambaa kikuukuu, ndipo naweka mzigo.