Toscanini hakuanza na kijiti

Ndugu, umeuliza kama Arturo Toscanini, yule mwongozaji mashuhuri wa okestra, alisomea kazi hiyo. Hapana. Alizaliwa Parma, Italia, 1867, na chuoni alisomea chelo.

Kilichotokea ni hiki. 1886, akiwa na miaka 19, alikwenda Brazil na kundi la opera kama mpiga chelo. Usiku wa opera ya Aida kule Rio de Janeiro mwongozaji alikuwa keshajiuzulu, na aliyeshika nafasi yake akazomewa na watu mpaka akatoka. Wenzake wakamsukuma kijana mbele. Akakifunga kitabu cha nota, akaongoza opera nzima kwa kichwa! Kukariri hakukuwa mbwembwe tu: macho yake yalikuwa dhaifu, kusoma nota kwa mbali kulimpa tabu.

Baadaye aliongoza La Scala, jumba la opera la Milano, Metropolitan, jumba la opera la New York, okestra ya New York Philharmonic, kisha okestra ya NBC, redio ya Marekani, kuanzia 1937 hadi 1954. Mkali kupindukia mazoezini, binafsi nisingeweza kufanya kazi chini yake.

Lakini ukitaka kumjua mtu, tazama Bologna, Italia, 1931. Mafashisti wa Mussolini walitaka apige wimbo wa chama chao kabla ya onyesho, akakataa, wakamzaba makofi nje ya ukumbi. Na 1933, Hitler alipoingia madarakani, akakataa kwenda Bayreuth, tamasha la Ujerumani la opera za Wagner, ingawa muziki wa Wagner aliupenda mno.

Alifariki New York Januari 1957, akikaribia miaka 90.