Wadogo zangu, mlima si pambo

Jana nilihesabu picha zilizoanikwa kibandani: saba, na sita kati yake zina Kilimanjaro. Nikamuuliza mmoja wenu ile theluji ina maana gani. "Kaka, ndiyo inayouzika." Usingizi haukuja. Hebu tukae.

1. Rangi ya chini ikauke kabisa ndipo uchore juu yake. Halina mjadala.

2. Sikiliza anayekuagiza. Hapa nitakawia kidogo. Nilikuwa na mwaka wa tatu tangu nishike brashi, akaja mzee mmoja wa Masasi. Alitaka picha ya kwao ampelekee binti yake aliyeolewa Uingereza, asije akasahau alikotoka. Alieleza kwa kirefu: vilima vya mawe vinavyochomoza ghafla katikati ya mashamba, mkorosho wenye matawi yanayolala hadi chini, mama yake ameinama humo akinyofoa korosho kwenye mabibo. Mimi "ndiyo mzee, ndiyo mzee", na kichwani picha imeshakwisha, ile ile ya kila siku.

Baada ya siku nne akarudi. Nikamfungulia: mlima na theluji yake, migunga, twiga wawili, jua jekundu. Madoa yamepangika, mistari safi. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka nikaanza kufurahi. Kisha akaweka kidole juu ya theluji.

"Mwanangu, mlima huu mimi sijawahi kuuona."

Akalipa bei yote, hakuomba kupunguziwa hata senti. Akaiegemeza ukutani, akaondoka. Nilimkimbilia hadi kituoni nikakuta daladala imeshatoka, na sikumwona tena. Alikuwa ameshanipa kila alama. Mawe yale hayahami. Mtu akitoka mbali ndiyo anayoyaona kwanza. Korosho ndizo ada za shule za watoto wa kule. Na chini ya mkorosho huingii mpaka uinamishe kichwa, kama mbele ya mkubwa.

3. Mbuyu ukiuvika majani umechora mvua, ukiuacha mtupu umechora kiangazi. Chagua. Wapo wanaotambikia chini yake, kwa hiyo msiutumie kuziba nafasi. Mzee wetu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji wetu huu, mzaliwa wa Tunduru, alianza hapa Dar es Salaam mwaka 1968 na rangi za baiskeli na vipande vya ubao, na mnyama mmoja aliweza kumjazia ubao mzima. Alichora miaka minne tu, risasi ya polisi ikamuua 1972. Ninyi mnaweka wanyama kumi na wawili, hakuna hata mmoja anayekutazama machoni. Inaniuma, maana mikono mnayo.

4. Brashi zisilale na rangi.

Ile picha ya mkorosho iliyo nyuma ya mlango, mnayoniuliza kila siku kwa nini siitoi nje, akija mzee wa Masasi akasimama mbele yake, msimtajie bei. Mfungieni.