Antena haihesabu

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Fundi amekagua king'amuzi changu, akasema TV ina chenga, ninunue antena ya dijitali. Kwani dijitali nayo ina chenga?"

Haina. Chenga ni punje za mchele zilizovunjika, na jina hilo lilivifaa kabisa vile vitone vyeupe vya zama za analojia. Mawimbi yalipofifia picha ilichafuka kidogo kidogo, lakini taarifa ya habari uliifuata hadi mwisho. Picha ya dijitali hubaki safi mpaka mawimbi yapungue kupita kiwango. Hapo inaganda, inakatika miraba miraba, kisha kioo kinakuwa cheusi. Sema picha inaganda.

Kilichonikera mimi ni hiyo "antena ya dijitali". Neno dijitali limetokana na digitus ya Kilatini, yaani kidole, kwa kuwa watu walihesabia vidole. Kitu cha dijitali basi hufanya kazi kwa tarakimu. Antena inahesabu nini? Ni vijiti vya alumini: vinanasa wimbi, vinalishusha kwenye waya, basi. Urefu wa kijiti hufuata masafa, yaani kasi ya mtetemo wa wimbi. Kwenye megahezi 500 ni karibu sentimita 30, wimbi liwe limebeba analojia au dijitali.

Hesabu yote imo ndani ya king'amuzi. Katika DVB-T2, mfumo wa kurushia TV ya dijitali kutoka minarani, alama moja ya wimbi hubeba biti (tarakimu za 0 na 1) 2, 4, 6 au 8, kadiri mrushaji alivyopanga. Akipanga 8 anapakia chaneli nyingi, lakini king'amuzi kinadai mawimbi safi zaidi. Akipanga 2, hata mawimbi hafifu yanasomeka. Antena haijui lolote kati ya hayo.

Shangazi yangu wa Temeke, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, alishusha paani antena yake ya UHF (masafa ya TV, kama hizo megahezi 500), akanunua nyingine yenye neno "dijitali" kwenye boksi. Nilizilaza zote mbili sakafuni nikapima kijiti kwa kijiti. Zilikuwa sawasawa! Mama wa watu alilipia neno.

Matangazo ya dijitali, sawa. King'amuzi cha dijitali, sawa. Antena iite ya UHF, na umwambie fundi aukague kwanza waya, kisha aigeuzie antena kwenye mnara.