Nafaulu katika kila kitu lakini moyo umezima: je, ni udhaifu wa imani?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili. Kazini nasimamia watu thelathini, na ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kusaidia mayatima. Watu hunitolea mfano. Lakini ni miezi kadhaa sasa, nikifika nyumbani jioni nazima gari na kubaki humo humo nusu saa, mikono kwenye usukani, silii wala siwazi kitu. Kisha najiweka sawa uso kwenye kioo, naingia ndani nikitabasamu. Saa tisa usiku naamka na usingizi haurudi. Nikipongezwa naona kama anapongezwa mtu mwingine. Sala tano nazisali, ila ni kama nasoma orodha. Mume wangu hajui. Allah amenipa kila kitu. Nikisema, si nitakuwa nimekufuru neema? Je, hii ni imani dhaifu? Na nikienda kwa daktari, nitakuwa nimekosa tawakkul, yaani kumtegemea Allah? Wakati mwingine natamani nilale nisiamke, lakini hayo ni mawazo ya uchovu tu, usiyajali.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Naanza na maneno yako ya mwisho, yale uliyoniambia nisiyajali. Nimeyajali. Kama matamanio hayo yamewahi kukufikisha kwenye kufikiria njia au siku, usisubiri hata kesho: mwambie mumeo saa hii, usibaki peke yako, na mwende hospitali. Na kama hayajafika huko, bado ni jambo la kumwambia daktari wiki hii, kwa maneno yale yale uliyoniandikia, bila kuyapunguza.

Wala usidhani yamekutoa katika dini. Ni kweli Mtume (s.a.w.) alitukataza kutamani mauti kwa sababu ya dhara iliyotupata, akatufundisha badala yake tumwombe Allah atuhuishe maadamu uhai ni kheri kwetu. Lakini soma Sura Maryam, Aya ya 23 mpaka ya 26. Bibi Maryam, mwanamke bora, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa alisema laiti angelikufa kabla ya hayo. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise shina la mtende. "Basi kula, na kunywa, na litue jicho lako." Kisha akaondolewa hata mzigo wa kujieleza kwa watu siku ile. Mimi kila nikisoma hapo husimama kidogo, kwa jinsi Mola alivyoanza na mwili wa mja wake uliochoka.

Sasa hali yako. Mimi si tabibu, na jina la ugonjwa atakupa mwenye fani yake. Lakini uliyoyaeleza yanafanana sana na yale ambayo madaktari huyaita sonona: furaha kukauka hata kwa mambo uliyoyapenda, usingizi kukatika alfajiri mbichi, kujiona huna thamani, na haya yote kudumu zaidi ya wiki mbili. Watu wengi hudhani mwenye sonona ni yule asiyeweza kutoka kitandani. Wapo hao. Wapo pia wanaoamka, wanaovaa vizuri, wanaomaliza kazi kabla ya muda, tena wanaongeza kazi juu ya kazi kwa sababu wakikaa kimya wanasikia kile wanachokikimbia. Kwa watu wa namna hii, kazi ndiyo huwa ya mwisho kuharibika. Kinachotangulia ni ile nusu saa ndani ya gari, ukali kwa watoto kwa jambo dogo, na hisia kwamba kupumzika ni dhambi. Ndiyo maana hakuna aliyekushtukia.

Je, ni imani dhaifu? Imamu al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alikuwa mwalimu wa Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, mbele yake wanafunzi mia tatu. Anasimulia mwenyewe kwamba mwaka 488 Hijria, yaani 1095, kwa karibu miezi sita tangu Rajabu alikuwa katika mvutano mkubwa wa nafsi, mpaka ulimi ukafungika. Alijilazimisha kufundisha walau siku moja kuwaridhisha waliomjia, neno halikutoka. Huzuni ikamwingia moyoni hata tonge halikupita kooni, na matabibu wakasema jambo hili limeanzia moyoni ndipo likaenea mwilini. Simpi jina la ugonjwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka 900 iliyopita, na sababu zake, alizozieleza kuwa ni nia na njia ya Akhera, huenda si zako. Ninachotaka ukione ni kwamba elimu, cheo na ibada havikumzuilia huzuni kumshukia. Nabii Yaqub (a.s.) macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii.

Hofu yako kubwa, naona, ni kusema. Umefanya kunyamaza kuwa ndiyo subira. Hapa nataka tuelewane vizuri, maana kosa hili linawaumiza wengi walio wema. Nabii Ayyub (a.s.) alisema: "Mimi yamenigusa madhara." Aliyatamka. Na Allah huyo huyo aliyemsikia akasema juu yake katika Sura Saad, "Hakika tulimkuta mwenye subira." Utasema, yeye alimwambia Mola wake, si watu. Basi tazama Mtume (s.a.w.) alipokuwa na homa kali na sahaba wake Ibn Mas'ud akaja kumtazama: alimjibu kwamba yeye hupata homa kama ya watu wawili. Na Bibi Aisha aliposema, "Ole, kichwa changu!", Mtume hakumwambia nyamaza, alimjibu kuwa na yeye kichwa kinamuuma. Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, akaweka hadithi hizi chini ya mlango wa ruhusa ya mgonjwa kusema anaumwa. Kinachokatazwa ni kumlaumu Allah kwa alilokadiria. Kumweleza mumeo au daktari ulivyo ni kutoa habari, si kukufuru neema. Mwenye nyumba nzuri akivunjika mguu, hatusemi kwamba akilia ameidharau nyumba.

Kuhusu daktari, jibu ni fupi. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akasema: naam, jitibuni, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, alikwisha kutofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo chanzo chake aliona kiko mwilini. Kwa hiyo usishangae daktari akikupima damu kwanza: upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta dalili kama hizi. Akikupa dawa, nyingi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na usiziache ghafla bila kumuuliza. Akikupeleka kwa mshauri wa mazungumzo, nenda. Kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa ni haki, somewa, na dumu na dua ya kujikinga na wasiwasi na huzuni, ambayo sahaba Anas alimsikia Mtume akiisema mara nyingi. Ila atakayekwambia uache dawa kwa ajili ya kisomo, usimsikilize.

Sala yako inayofanana na orodha usiiache. Unasimama bila ladha na bado unasimama. Hilo si dogo. Punguza ziada kwa muda, shika faradhi. Hazina ya mayatima ikabidhi kwa mwingine kwa maandishi na hesabu kamili. Sahaba Salman alimwambia sahaba mwenzake Abu Dardaa kwamba Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki, na ahali zako wana haki, na Mtume (s.a.w.) akasema amesema kweli Salman.

Mumeo bado hajui. Kama ulimi unakuwa mzito, kama ulivyomfungika Imamu al-Ghazali, usijilazimishe kutafuta maneno mapya. Uliyoniandikia mimi yanatosha. Leo jioni, kabla hujazima gari, mtumie ayasome, kisha mwambie aje akufungulie mlango.

Wallahu a'lam.