Gari linalolala upande mmoja asubuhi

SWALI: Hamjambo ndugu wahariri. Gari langu lina springi za hewa, yaani mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa badala ya koili za chuma. Kila asubuhi nalikuta limelala mbele kushoto. Nikiliwasha, kompresa hunguruma na baada ya muda linainuka. Makanika mmoja wa Kirinyaga Road anasema ninunue kompresa mpya, mwingine anataka tufunge springi za chuma. Nimsikilize nani? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Ndugu, usinunue kitu kwanza. Kompresa inayoliinua gari kila asubuhi bado ni nzima. Kuna hewa inavuja, na huko kuvuja ndiko kutakakoiua: imeundwa ifanye kazi kidogo, ipumzike. Ikijaza mfululizo huchemka, ringi ya pistoni huisha, na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha) ikishikana, kompresa inazunguka hata gari likiwa limezimwa. Ndiyo maana anayebadilisha kompresa hubadilisha na rilei.

Jioni egesha mahali tambarare, upime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa fenda, uandike. Chomoa fyuzi ya suspensheni, kwa kuwa katika baadhi ya magari kompyuta huamka usiku ikashusha kona zote zilingane na iliyo chini, ukadanganyika. Asubuhi pima tena. Kona moja ikishuka, shuku springi yake au paipu. Zikishuka mbili za ekseli moja, shuku pia bloku ya vali, inayogawa hewa kwa kila springi.

Kisha rudisha fyuzi, uinue gari hadi kimo cha juu, mpira ukunjuke, upulizie maji ya sabuni ya vyombo. Chunguza hasa mkunjo wa chini: mchanga hukaa hapo ukiusaga mpira kwa kila tuta. Viputo vidogo vinavyokua polepole ndio ushahidi. Usiingie chini bila stendi imara. Gari linaweza kushuka ghafla. Paipu ikivuja kwenye kiungio, kata ncha yake iwe sawasawa kwa wembe, ufunge kiungio kipya. Mpira ukiwa umechanika, badilisha springi zote mbili za mbele, vimo vipangwe upya kwa mashine.

Springi za chuma tungezikubali tu ikiwa zote nne za hewa zimeisha na bei imekushinda. Ikiwa gari lako lina shokabu za umeme, hizo hukazwa na kulegezwa na kompyuta, kufuatana na sensa, kwa kipimo cha springi za hewa. Ukiziacha pamoja na springi za chuma, gari hurukaruka kwenye matuta na kuyumba konani, na taa ya onyo haizimiki. Ukibadilisha, funga springi pamoja na shokabu zilizotengenezewa springi hizo, kompyuta ipangwe upya.