Gari la rali: stata inalia "ta" tu, betri ni mpya

Kaka, kama betri umeihamishia kwenye buti na stata inalia "ta" moja kisha kimya, usinunue stata bado. Nyaya zimekuwa ndefu, umeme unapotelea njiani.

Toa gia, weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye nati ya stata inayoshika waya mnene, mwenzako apige stata. Ikizidi 0.5, mshukiwa wa kwanza ni swichi ya kukatia umeme: ndani imeungua, nje inang'aa kama mpya. Kisha pima vivyo hivyo, stata ikipigwa, toka nguzo hasi hadi injini yenyewe. Ikizidi 0.3, ni athi, yaani waya wa nguzo hasi unaofungwa kwenye bodi; wengi huifunga juu ya rangi. Kwangua hadi bati tupu, na uongeze waya mnene toka injini hadi bodi, maana injini imekalia raba.

Zote zikisoma karibu sifuri na haizunguki, betri ikibaki juu ya volti 12, sasa fungua stata.

Injini ikiwaka, chaji ipime kwenye betri, siyo kwenye altaneta inayoichaji: volti 13.8 hadi 14.5. Altaneta 14.4, betri 13? Rudi kwenye nyaya.